Mchezaji wa Kwanza

Jioni ile nilitumwa soko la Burma kununua mifupa ya mbuzi ya supu. Basi. Hakuna aliyeniambia kwamba nikirudi nitakuta jambo ambalo hadi leo likinijia akilini nikiwa nasonga ugali, mwiko hunisimama mkononi.

Naitwa Asenath, na mimi si mwoga. Wanaonijua watawaambia mdomo wangu umeshafukuza wezi. Kwa hiyo msinisikilize kwa huruma, nisikilizeni tu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Dada yangu Lorine alikuwa amejifungua mtoto wa kiume huko Kaloleni, Nairobi, nami nikatoka nyumbani Bungoma kuja kumsaidia: kumpikia supu, kufua nepi, kumshika mtoto ili mama apate kulala kidogo. Mumewe, shemeji yangu Wamalwa, alikuwa karani wa reli. Mtu mpole kupita kiasi, wa kuomba msamaha hata akikanyagwa yeye. Lakini safari hii nilimkuta amekonda, macho yamezama, anakusikiliza kama mtu anayesikiliza kitu kingine chumba cha pili. Sikumlaumu. Mdogo wake Wesonga, waliyekuwa wakiishi naye mle ndani, nimonia ilikuwa imemchukua miezi michache tu kabla ya mtoto kuzaliwa.

Huyo Wesonga alikuwa fundi wa redio Eastleigh. Kijana wa utani, hakuna aliyekaa naye bila kucheka. Mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kompyuta mbovu, zile za zamani, kibodi nyeusi tupu, skrini hakuna. Akaifungua, akaichomelea nyaya, ikapona. Ukitaka kuitumia unaunganisha na televisheni na redio kaseti. Watoto wa siku hizi ukiwaambia mchezo ulikuwa ndani ya kaseti wanakuona umezeeka vibaya. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Unaweka kaseti, unabonyeza, redio inapiga kelele kriiiiii, televisheni inachora mistari, unangoja hadi chai inapoa kikombeni. Halafu ukizima, kwisha. Ile mashine haikujua kukumbuka. Kesho unaanza upya kana kwamba jana hamkuonana.

Mchezo wao ulikuwa mmoja. Nyumba kubwa yenye vyumba vingi, na vijitu viwili, kimoja cheupe na kingine cha kijivu, vinapanda ngazi na kutafuta funguo kabla taa haijazimika. Wesonga alikuwa mchezaji wa kwanza, mwenye kile cheupe, Wamalwa wa pili. Kila mmoja alikuwa na joistiki yake, kile kimkono cha kushika na kusukuma huku na huku. Kila Wamalwa akitoka kazini walikaa viti vyao viwili, bega kwa bega, wakibishana na kucheka mpaka Lorine awafokee waje kula. Lorine mwenyewe aliniambia hakuwahi kuona ndugu wanaopendana vile. Aliwaonea wivu kidogo.

Sasa turudi jioni ile.

Nilifika kwenye ua nikasikia mtoto analia. Hilo halikuwa jipya. Tangu kuzaliwa alikuwa akilia, na kila jioni kilio kilizidi, kilio cha kuchoka, kisicho na machozi tena. Titi alikuwa analikataa. Mbavu zilianza kuhesabika. Kliniki walimpima wakasema hana ugonjwa. Lorine alikuwa anamwangalia kwa jicho ambalo sikulipenda, jicho la mama anayejizoesha kukosa.

Niliingia na mifupa yangu kwenye gazeti. Sebuleni taa haikuwashwa. Televisheni peke yake ndiyo iliyotoa mwanga. Wamalwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, joistiki mkononi, mgongo kwangu.

Kulikuwa na harufu. Nikasimama. Risasi ya kuchomelea nyaya, ile harufu iliyokuwa ikikaa kwenye nguo za Wesonga hata azifue namna gani.

Kiti cha Wesonga kilikuwa kitupu. Juu yake ilikuwa joistiki yake.

Klik.

Nikadhani ni mtoto wa jirani amejificha nyuma. Nikasogea. Hakuna mtu. Kile kimkono kikainama kushoto, taratibu... kikarudi katikati... kikainama kulia. Klik, klik. Kwenye televisheni kijitu cheupe kikapanda ngazi.

"Shemeji," nikanong'ona. "Nani anacheza?"

Wamalwa hakugeuka. "Usimsumbue," akasema. "Karibu anamaliza chumba."

Miguu ilinipeleka chumbani yenyewe. Nikamwambia Lorine nilichokiona, nikitarajia apige ukemi. Hakushtuka. Alinitazama tu na mtoto wake anayelia kifuani, nikaelewa kwamba alijua siku nyingi. Mumewe alikuwa halali, hali, analia kama mtoto bafuni. Halafu jioni moja akaweka ile kaseti, akachagua wachezaji wawili ili tu aone kijitu cha ndugu yake kimesimama pale. Kikatembea. Tangu siku hiyo akaanza kula. Sasa Lorine angesema nini? Alinyamaza, akashukuru. Kisha mtoto akazaliwa.

Nilimwambia wazi kwamba wamerukwa na akili wote wawili. Asubuhi nikapiga simu nyumbani aitwe Kukhu.

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya. Jina lake hasa lilikuwa Khavere, mama yao Wamalwa na Wesonga, mwanamke mfupi, mkavu, asiyepoteza maneno. Alifika kwa basi la usiku, akamchukua mtoto, akamnusa utosini, akasema mtoto si mgonjwa. Anatafutwa jina.

Kwetu jina hulipendi tu ukampa mtoto. Wafu ndio wanaochagua. Mmoja wao anataka kukumbukwa kwa mtoto, na mpaka aitwe, mtoto analia. Basi nyanya hukaa, mama huweka titi, na waliotangulia huitwa mmoja mmoja, kuanzia wakubwa, kwa heshima. Jina lake likitajwa, mtoto hunyamaza na kunyonya. Ameitika. Na akishaitika, hakuna wa kulibadilisha, si kasisi wala chifu.

Mchana kutwa Kukhu alikaa nami jikoni akinitajia atakaowaita, asije akamruka mtu. Nikamkumbusha mmoja niliyewahi kumsikia akitajwa kwa kificho, Kweyu, baba mdogo wa marehemu mumewe. Mkono wa Kukhu ukaganda kwenye mboga. Huyo alijitia kamba, Kukhu akasema, angali kijana, na hakuna aliyejua sababu. Mti waliukata, nyumba wakaibomoa, akazikwa bila kuliliwa. Tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo ule aliyepewa jina lile, na yeye mwenyewe alikuwa hajalitamka kwa miaka mingi. Akatema mate nje ya mlango. Wamalwa alikuwa amesimama karibu, amekuja kuchukua maji ya kunywa. Alisikia yote.

Jioni akaweka kaseti. Kukhu alikuwa ameshaambiwa, lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Redio ikalia kriiiii, mtoto akaanza kulia chumbani, harufu ya risasi ikaja, na kimkono kikaanza kucheza. Yule mama akasogeza kigoda mpaka kando ya kiti kitupu, akakaa.

"Mulembe, mwanangu," akasema, akimsalimia kwa lugha ya nyumbani.

Kimkono kikasimama. Kikatetemeka kidogo. Kisha kikaendelea, polepole, kama mtu anayefanya kazi huku mama yake anamtazama. Kukhu alilia bila sauti.

Baadaye alimweka Wamalwa chini. Wesonga ndiye anayemtaka mtoto, alimwambia, lakini atamfikiaje na wewe unamshika hapa kila jioni? Yuko katikati, hana pa kukaa, na mtoto anaisha. Kesho tutamwita. Mashine uizime, umwache aende kwa mwanao, utambeba mikononi.

Wamalwa alitikisa kichwa. Akasema mtoto huyo hatamjua. Hatakumbuka vyumba wala utani wao, atakuwa mtoto tu kama watoto wengine.

"Nitakuwa nimemzika mara mbili, Mama."

Lorine alikuwa mlangoni, amemkumbatia mtoto. Akamwambia mumewe kwamba yeye hajazika hata mara moja, na hana nia ya kuanza na mwanawe. Sijawahi kumsikia dada yangu akitumia sauti ile.

Wamalwa akakubali. Aliomba kitu kimoja tu, mashine iachwe ikiwaka hadi jina litajwe, amuage ndugu yake. Kukhu ni mama. Akamruhusu.

Kesho yake, jua likiwa linazama nyuma ya reli, tulikaa sebuleni. Milango imefungwa, pazia la maua limeshushwa, televisheni inawaka kimya. Wamalwa kwenye kiti chake. Mimi nimesimama nyuma na sufuria ya uji, sijui kwa nini sikuiweka chini. Lorine mkekani, titi nje. Kukhu akaweka kiganja utosini mwa mtoto, akaanza.

Akamwita baba wa baba mkwe wake. Mtoto analia. Akamwita mwingine. Analia. Akawaita wazee, akawaita mashemeji waliokufia vitani, akamwita marehemu mumewe kwa sauti iliyokatika kidogo. Mtoto analia, uso umekuwa wa kijivu, mikono inakamata hewa.

Akabaki mmoja.

Kimkono kwenye kiti kitupu kilikuwa kimetulia tuli. Kijitu cheupe kilikuwa kimesimama katikati ya chumba, kimetuelekea. Kinangoja kuitwa. Nilimwona Wamalwa akikitazama. Machozi yalimjaa mpaka kwenye midomo.

Kukhu akavuta pumzi.

"Kweyu," akasema Wamalwa.

Alilisema taratibu, kana kwamba anamwita mtu aliye jirani.

Mtoto akanyamaza.

Sijui niwaelezeeje ule ukimya. Majuma yote yale ya kilio, halafu... hakuna. Tulisikia jirani akifunga dirisha. Mtoto akalishika titi akanyonya, kwa nguvu, mpaka Lorine akauma meno. Lakini macho hakuyafunga. Aliyainua juu, kwenye boriti ya paa, akayaacha huko.

"Umesema nini?" Kukhu akanong'ona.

"Nilitaka jina tu, Mama. Jina lolote. Apone, na Wesonga abaki."

Kukhu akamwinamia mtoto, akaita Wesonga. Akaita tena. Akaita kwa mdomo uliogusa sikio la mtoto. Mtoto aliendelea kunyonya na kutazama juu. Yule mama akaondoa kiganja chake utosini kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Ameshaitika," akasema.

Hapo ndipo joistiki ilipoanza.

Kimkono kilijilaza upande mmoja chote, kikabaki hapo kikitetemeka, na kitako chake kikagonga-gonga ubao wa kiti. Kwenye televisheni kijitu cheupe kilikuwa kinakimbia. Hakikutafuta funguo, hakikupanda ngazi. Kilikimbilia kona ya mwisho kikajibana kwenye kioo, na Wamalwa akapiga magoti mbele yake, akamwuliza ndugu yake anakimbia nini.

Stima ikapotea.

Giza. Wamalwa akaita, Wesonga, Wesonga. Hakuna klik. Sauti iliyobaki ilikuwa ya mtoto akimeza. Ile harufu ya risasi ilikatika ghafla, na mahali pake ikaja nyingine, kavu, ya kuwasha pua. Ilinichukua muda kuitambua. Katani. Kamba mpya ya katani, ndani ya nyumba isiyokuwa na kamba.

Stima iliporudi mashine ilikuwa tupu, inametameta tu kama siku ya kwanza. Nimewaambia haikujua kukumbuka. Wamalwa aliweka kaseti, akangoja, akachagua wachezaji wawili. Kijitu cheupe kilisimama pale kilipowekwa. Aliweka kesho yake, na kesho kutwa, na miezi ikapita. Hakikusogea tena. Mwisho aliifunga ile kompyuta kwenye gunia, akaipeleka nyumbani, akaizika kando ya kaburi la ndugu yake. Hakuizungumzia tena mpaka naye alipokufa, mzee kabla ya wakati wake.

Na mtoto alipona. Nawaambia ukweli, alinenepa akawa mzuri wa kupendeza. Kweyu hajawahi kuwasumbua wazazi. Hakulia hata meno yalipoota. Ukimlaza chali alitazama paa, na majirani wakasema watoto wote hutazama paa. Lorine aliitikia ndiyo. Lakini tangu wakati huo nguo zake huanika juu ya ua, na hata hema la matanga ya mumewe hakukubali lifungwe kwa kamba. Watu humcheka. Mimi huwa sicheki. Mwakani Kweyu anafikia umri aliokufa nao mwenye jina, na dada yangu ameacha kulala.

Sasa juzi, magharibi, Kweyu akanipigia simu. Ni mtu mzima, ana kazi nzuri, anakaa peke yake Umoja, Nairobi. Tulisalimiana, akaniuliza habari za mgongo wangu. Halafu akauliza, kile kitu cha baba cha kuchezea, kilichounganishwa na televisheni, kilienda wapi? Amekuwa akikikumbuka sana siku hizi. Anakitamani hata.

Nikamwuliza nani aliyemwambia habari hizo. Akasema hakuambiwa, anakumbuka. Nikacheka kwa nguvu, nikamwambia wakati huo hata shingo yake ilikuwa haijakaza. Akaanza kunieleza. Pazia la maua. Baba yake amepiga magoti, analia, anasema kitu kisichosikika. Kukhu amekunja uso. Mimi nyuma, na sufuria.

"Na mama amekaa chini," akasema, "ananyonyesha mtoto."

"Mtoto gani?"

"Sijui, Anti. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka upande wa televisheni."

Nikakaa chini. Nilianza kulia kwa furaha, siwafichi. Ni Wesonga! Ni Wesonga aliyekuja, stima ilipopotea aliingia mahali pake, na dada yangu ameanika nguo juu ya ua miaka yote hii bure. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitakavyompigia Lorine, maneno gani nitatanguliza.

"Anti," akasema Kweyu, "yule mwingine alikuwa nani?"

"Mwingine yupi?"

"Aliyekuwa juu ya mama. Mbele yako kidogo. Miguu yake haikufika chini. Ndiye niliyemkimbia. Hakukuwa na pa kujificha isipokuwa kwa mtoto."

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama yule mtu alimfuata.

"Yeye hafuati, Anti. Yeye hungoja tu."

Nilifunga nguo zangu usiku ule ule. Lorine nimemwambia naenda Umoja kumpikia mtoto supu, maana anakula ovyo, na Lorine akasema asante, dada. Nitakaa naye mpaka mwaka huo upite, nitalala sebuleni, sitoki. Mimi si mwoga. Jana jioni nilifika na mifupa ya mbuzi mkononi. Kweyu akanifungulia mlango anatabasamu, akanipokea mzigo.

Nyumba nzima ilikuwa inanuka katani.